Makocha Kumi na Mmoja Bora wa Muda Wote: Mizani ya Sumbawanga

Ubishi wa soka una madaraja. Simba na Yanga ni ubishi wa kila siku. Mchezaji bora duniani ni ubishi wa wikiendi. Lakini nani kocha bora kuliko wote waliowahi kukaa kwenye benchi la ufundi? Huo ndio ubishi mkuu, na hapa Sumbawanga, kuanzia vijiwe vya bodaboda vya Mazwi hadi Kizwite, bado hauna mwamuzi. Leo tunaupulizia filimbi.

Mizani yetu ina vitanga viwili. Cha kwanza ni kupanda: kocha aliikuta timu wapi, akaifikisha wapi? Cha pili ni kudumu: alikaa juu kwa miaka mingapi? Sisi tunaoishi Ufipa, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tunajua kwamba kupanda ni kazi moja na kukaa juu ni kazi nyingine. Kocha mkuu kuliko wote lazima aziweze zote mbili.

Vipimo ni vya kwetu. Ligi Kuu Bara yenye timu 16: mechi 30 kwa msimu, 15 kati ya hizo nyumbani. Uwanja wa Benjamin Mkapa: watu 60,000. Manispaa ya Sumbawanga: watu 209,793 kwa Sensa ya 2012. Barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma: kilomita 223. Kikosi kina nafasi kumi na moja, na tunahesabu kutoka mkiani kwenda kileleni.

11. Umati mkubwa kuliko wote kunyamazishwa: Juan López

Julai 16, 1950, Uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Tiketi zilizouzwa: 173,850. Chukua Uwanja wa Mkapa uliofurika pomoni, uuzidishe karibu mara tatu. Au chukua wakazi wa Manispaa ya Sumbawanga wa Sensa ya 2012, wazee kwa vichanga, na katika kila watu kumi uwaingize uwanjani zaidi ya wanane. Hakuna mechi ya Kombe la Dunia iliyowahi kukusanya watu wengi kuliko hao.

Brazil ilihitaji sare tu ili iwe bingwa. Friaça akaifungia dakika ya 47 na uwanja ukalipuka. Schiaffino akasawazisha dakika ya 66. Ghiggia akapachika la pili dakika ya 79. Uruguay 2, Brazil 1, na kocha aliyeondoka na kombe ni Juan López.

Mbona basi yuko mkiani? Kwa sababu López alitaka vijana wake wajilinde, na nahodha Obdulio Varela ndiye aliyewaambia wenzake waende mbele. Kombe ni la kocha, lakini ushujaa wa siku ile anagawana na nahodha wake.

10. Ngome ndefu kuliko zote: José Mourinho

Mechi 150 za ligi nyumbani bila kupoteza hata moja! Kuanzia 2002 hadi Aprili 2011, Mourinho hakufungwa nyumbani katika ligi: mechi 38 akiwa Porto, 60 akiwa Chelsea, 38 akiwa Inter Milan na 14 akiwa Real Madrid. Nchi nne, ligi nne, miaka tisa. Aliyeivunja ngome alikuwa Sporting Gijón, kwa bao moja tu.

Ipime kwa Ligi Kuu yetu. Timu inacheza mechi 15 nyumbani kwa msimu, kwa hiyo kocha wa Tanzania anayetaka kumfikia Mourinho akae misimu kumi kamili bila kupoteza nyumbani. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ya mechi ya kwanza angekuwa kidato cha tatu rekodi ikitimia.

Kwa kupanda, Mourinho ana Porto ya 2004, bingwa wa Ulaya kutoka ligi ambayo matajiri walikuwa wakiidharau. Kwa kudumu anapungukiwa: kila alipofika aliwaka sana, kisha akaondoka mapema.

9. Mbio ndefu kuliko zote bila kipigo: Philippe Troussier na ASEC

Mashabiki wa Yanga, shikeni hesabu zenu vizuri. Timu ya Nasreddine Nabi ilicheza mechi 49 za Ligi Kuu bila kufungwa, hadi Novemba 29, 2022, Ihefu walipowachapa 2-1 kule Mbarali. Arsenal ya Arsène Wenger nayo ilifika 49 zile zile, ikasimamishwa Old Trafford Oktoba 24, 2004, kwa kichapo cha 2-0. Yanga na Arsenal, sare! AC Milan ya Fabio Capello iliwapita wote kwa mechi 58. Steaua Bucharest ya Romania ikafika 104.

Na bingwa wa dunia ni Mwafrika. ASEC Mimosas ya Abidjan ilicheza mechi 108 za ligi bila kupoteza, kati ya 1989 na 1994. Kwa kalenda ya Ligi Kuu yetu hiyo ni misimu mitatu mizima, kisha zaidi ya nusu ya msimu wa nne. Mfaransa Philippe Troussier ndiye aliyekuwa kwenye benchi mbio zilipoanza, na wengine wakazipokea baada yake. Kwa kuwa hakuzimaliza yeye, anakaa nafasi ya tisa. Rekodi yenyewe inakaa Afrika, na Ulaya nzima bado haijaifikia.

8. Jirani aliyeziba jeraha kubwa kuliko yote: Hervé Renard

Kwetu Rukwa, Zambia ni jirani wa mlango kwa mlango. Maporomoko ya Kalambo, yanayodondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, tunayamiliki pamoja nao. Kwa hiyo kombe la Zambia la 2012 tulilisikia kwa karibu kuliko wengi.

Aprili 27, 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia, Chipolopolo, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu 30 walifariki, 18 kati yao wachezaji. Februari 12, 2012, Chipolopolo walicheza fainali ya Afrika katika jiji lile lile la Libreville, wakaishinda Ivory Coast ya Didier Drogba kwa matuta 8-7. Kocha alikuwa Mfaransa Hervé Renard.

Miaka mitatu baadaye Renard alikuwa upande wa pili. Akiwa na Ivory Coast ile ile aliyoifunga, alitwaa kombe la 2015 kule Bata, Guinea ya Ikweta, kwa matuta 9-8 dhidi ya Ghana. Fainali mbili, dakika 240 za mchezo, hakuna hata bao moja, makombe mawili! Ni kocha wa kwanza kuwa bingwa wa Afrika na mataifa mawili tofauti. Kwa kupanda anapata alama za juu kabisa. Kwa kudumu, alipita kila nchi kama mgeni mwenye baraka.

7. Vigogo wa Afrika: Hassan Shehata na Manuel José

Hapa mizani imegoma kuwatenganisha, kwa hiyo wawili hawa wanagawana nafasi moja. Hassan Shehata aliipa Misri Kombe la Mataifa ya Afrika 2006, 2008 na 2010. Matatu mfululizo, jambo ambalo hakuna kocha mwingine amelifanya. Charles Kumi Gyamfi wa Ghana naye ana matatu, ya 1963, 1965 na 1982, lakini yalimchukua miaka 19. Shehata yalimchukua minne. Katika mashindano hayo matatu Mafarao walicheza mechi 18 na hawakupoteza hata moja. Kipimo chetu kinauma kidogo: Taifa Stars, katika fainali zake tatu za mwanzo, za 1980, 2019 na 2023, ilicheza mechi tisa na haikushinda hata moja.

Upande wa klabu, Mreno Manuel José aliipa Al Ahly Ligi ya Mabingwa Afrika mara nne: 2001, 2005, 2006 na 2008. Klabu zote za Tanzania kwa pamoja, tangu uhuru, hazijalitwaa kombe hilo hata mara moja. Mtu mmoja manne, nchi nzima sifuri.

6. Mfalme wa Kombe la Dunia: Vittorio Pozzo

Kuanzia 1930 hadi 2022 Kombe la Dunia la wanaume limechezwa mara 22. Makocha waliolitwaa ni 21 tu. Hesabu inakosa mtu mmoja kwa sababu Vittorio Pozzo wa Italia alilichukua mara mbili, 1934 na 1938. Katikati, 1936, akaongeza medali ya dhahabu ya Olimpiki. Makombe matatu makubwa ndani ya miaka minne!

Wengine wamejaribu njia nyingine za kujaza kabati. Mário Zagallo wa Brazil alikuwa bingwa akiwa mchezaji 1958 na 1962, kisha akiwa kocha 1970. Carlos Alberto Parreira alikaa kwenye benchi la fainali sita za Kombe la Dunia na mataifa matano, kutoka Kuwait hadi Afrika Kusini. Lakini makombe mawili akiwa kocha? Hadi kufikia 2022, Pozzo yuko peke yake. Anazuiliwa nafasi ya sita kwa sababu moja: dunia ya wakati ule ilikuwa ndogo, na fainali za 1934 na 1938 zilikuwa na timu zisizozidi 16.

MAPUMZIKO: Msimamo wa nyumbani

Dakika 15 za mapumziko tunazitumia kupima vya kwetu, kwa mizani ile ile.

*Kusubiri kurefu kuliko kote.* Agosti 26, 1979, kule Ndola, Zambia, bao la Peter Tino liliipa Taifa Stars sare ya 1-1 na tiketi ya fainali za Afrika za 1980. Kocha mzalendo Joel Bendera alikuwa kwenye benchi. Baada ya hapo nchi ikasubiri miaka 39, hadi Machi 24, 2019, Mnigeria Emmanuel Amunike alipoivusha Stars kwa kuichapa Uganda 3-0. Mkoa wa Rukwa ulikuwa na umri wa miaka mitano tu Tino alipofunga. Stars iliporudi, mkoa ulikuwa mtu mzima wa miaka 45.

*Mzalendo aliyefuata nyayo.* Novemba 19, 2024, Hemed Suleiman "Morocco" aliipeleka Stars fainali za 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, mfungaji Simon Msuva. Tangu Bendera, hakuna mzalendo mwingine aliyekuwa ameivusha Stars katika kufuzu. Agosti 2025 Morocco akaongeza robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani.

*Fainali za Afrika za klabu.* Abdallah Kibadeni aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF 1993, ikafungwa na Stella ya Abidjan. Huyu ndiye Kibadeni yule yule aliyefunga mabao matatu peke yake Simba ilipoichapa Yanga 6-0, Julai 19, 1977. Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho 2023: ikafungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, na kombe likapotea kwa bao la ugenini. Fadlu Davids akaifikisha Simba fainali hiyo hiyo 2025, ikaishia mikononi mwa RS Berkane. Fainali tatu, kombe sifuri.

*Msimu mzima bila kipigo.* Simba ya Mzambia Patrick Phiri 2009/10. Azam 2013/14, iliyomaliza kazi chini ya Mkameruni Joseph Omog. Yanga ya Nabi 2021/22.

*Rekodi ya Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga.* Oktoba 22, 2020. Tanzania Prisons, waliokuwa wamehamishia mechi zao za nyumbani hapa kwetu, waliikaribisha Simba iliyokuwa bingwa mara tatu mfululizo. Samson Mbangula akatia kambani, Wajelajela 1, Simba 0. Kocha wa Prisons alikuwa Salum Mayanga. Msimu huo huo Simba ilitwaa tena ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hiyo ndiyo timu iliyolala Sumbawanga!

Angalia vizuri msimamo huu. Kupanda kupo tele. Nabi alikaa Yanga miaka miwili na miezi kadhaa tu, akaacha ubingwa, rekodi ya mechi 49 na fainali ya Afrika. Kinachokosekana kwenye orodha yote ni kitanga cha pili. Hakuna hata jina moja lililokaa benchi moja miaka kumi. Shika neno hilo, tunarudi uwanjani.

5. Kikosi cha karibu kuliko vyote: Jock Stein

Mei 25, 1967, Lisbon. Celtic ya Scotland iliifunga Inter Milan 2-1 ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Wachezaji wote kumi na mmoja walioanza walizaliwa ndani ya kilomita 48 kutoka Glasgow.

Panda basi Sumbawanga kuelekea Tunduma. Kilomita 48 hazijafika hata robo ya safari. Sasa chora duara la umbali huo kuuzunguka mji, okota vijana kumi na mmoja ndani yake, kisha uwapeleke wakaifunge moja ya timu tajiri za Ulaya. Hicho ndicho alichokifanya Jock Stein! Msimu ule Celtic ilitwaa kila kombe iliyoshindania, na kuanzia 1966 hadi 1974 ikawa bingwa wa Scotland mara tisa mfululizo.

Kupanda, alama zote. Kudumu, karibu zote. Kilichomshusha ni kwamba katika ligi ya Scotland Celtic ilikuwa tayari ni kigogo.

4. Aliyekaa muda mrefu kuliko wote: Guy Roux

Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwaka huo huo kijana wa miaka 22, Guy Roux, alikabidhiwa timu ya Auxerre, iliyokuwa ikicheza ligi za ridhaa Ufaransa. Alipoachia ngazi ilikuwa 2005. Katika kipindi hicho Nyerere aliongoza na kung'atuka, Mwinyi akaongoza na kumaliza, Mkapa akawa anakaribia kukabidhi, na Roux, ukiondoa mapumziko mafupi mawili matatu, alikuwa bado anapiga kelele pembeni mwa uwanja ule ule.

Alisimamia mechi 894 za daraja la kwanza Ufaransa, ambazo kwa Ligi Kuu yetu ni karibu misimu 30 bila kukosa mechi. Na hakukaa kwa kukaa tu. Aliipandisha Auxerre daraja la kwanza 1980, akatwaa ubingwa na Kombe la Ufaransa kwa mpigo 1996, akachukua Kombe la Ufaransa mara nne. Auxerre ni mji wa watu wasiofika 40,000. Manispaa ya Sumbawanga ya 2012 ingetoa miji mitano kama huo, na chenji ikabaki.

Siri yake ilikuwa vijana. Chuo cha soka cha Auxerre kilimtoa Eric Cantona. Likumbuke jina hilo, maana litatokea tena kileleni. Roux anashinda kudumu kwa umbali ambao hakuna atakayeukaribia. Anakaa nafasi ya nne kwa sababu ubingwa wa ligi ulikuwa mmoja tu, na ulichukua miaka 35 kufika.

3. Kabati zito kuliko yote la Ulaya: Carlo Ancelotti

Ligi ya Mabingwa Ulaya mara tano: 2003 na 2007 akiwa AC Milan, 2014, 2022 na 2024 akiwa Real Madrid. Wanaomfuatia, Bob Paisley, Zinedine Zidane na Pep Guardiola, wana tatu tatu. Ongeza makombe mawili aliyoyatwaa akiwa mchezaji, 1989 na 1990, na Ancelotti peke yake ana saba.

Kuna rekodi nyingine ambayo ni yake pekee: ubingwa wa ligi zote tano kubwa za Ulaya. Italia 2004, Uingereza 2010, Ufaransa 2013, Ujerumani 2017, Hispania 2022. Nchi tano, lugha tano, vyumba vitano vya kubadilishia nguo, na kila mahali alishika kombe.

Najua mashabiki wa Guardiola wamesimama. Hoja yao ni nzito: Manchester City ya 2017/18 ilipata pointi 100 katika mechi 38. Kwenye Ligi Kuu yetu pointi 100 haziwezekani kabisa, kwani ukishinda mechi zote 30 unapata 90. City ya Guardiola ilitwaa pia ubingwa wa Uingereza mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Lakini kwa kombe la juu kabisa la klabu, tano ni tano na tatu ni tatu.

Kizuizi cha wote wawili kiko kwenye kitanga cha kupanda. Karibu kila walipotwaa makombe haya walikuta timu kubwa, fedha tele na nyota tayari. Waliendesha mitambo mikubwa vizuri kuliko mtu yeyote. Waliobaki wawili waliijenga mitambo yenyewe.

2. Mpandaji wa kasi kuliko wote: Brian Clough

Januari 1975 Brian Clough alichukua Nottingham Forest, timu ya daraja la pili Uingereza. Sasa fuata miaka. 1977: Forest yapanda daraja ikiwa ya tatu, yaani kwa nafasi ya mwisho ya kupanda. 1978: bingwa wa Uingereza. 1979: bingwa wa Ulaya. 1980: bingwa wa Ulaya tena!

Tafsiri kwa soka letu. Timu inamaliza ya tatu kwenye Ligi ya Championship, inapanda Ligi Kuu, inaipiku Simba na Yanga kwa ubingwa katika msimu wake wa kwanza, kisha msimu unaofuata inatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, na msimu wa baada ya hapo inaitetea. Hakuna timu ya Tanzania iliyoimaliza safari hiyo.

Katikati Forest ilicheza mechi 42 za ligi bila kipigo, sawa na msimu mzima wa Uingereza wa enzi hizo, na kwetu ni msimu mmoja na mechi 12 juu yake. Fainali ya 1979 bao pekee dhidi ya Malmö lilikuwa la kichwa cha Trevor Francis. Ya 1980, dhidi ya Hamburg, la John Robertson. Hadi leo Forest ina makombe mawili ya Ulaya na ubingwa mmoja wa nyumbani, na hesabu ya namna hiyo hutaikuta katika klabu nyingine yoyote.

Kwa kupanda, Clough ndiye namba moja wa historia nzima. Kudumu ndiko kulikomponyoka. Baada ya 1980 hakurudi tena kileleni Ulaya, wala hakutwaa tena ubingwa wa ligi, na 1993 aliaga huku Forest ikishuka daraja.

1. Mkuu kuliko wote: Alex Ferguson

Aberdeen, Scotland, ni mji wa watu takriban 200,000. Soma tena namba hiyo, msomaji wa Sumbawanga. Ni sisi wa Sensa ya 2012! Mji wa ukubwa wetu wa wakati huo, mbali na miji mikubwa ya nchi yake, katika ligi inayotawaliwa na vigogo wawili wa mji mmoja. Mei 11, 1983, mjini Gothenburg, Aberdeen ya Alex Ferguson iliifunga Real Madrid 2-1 katika muda wa nyongeza na kutwaa Kombe la Washindi Ulaya. Pia aliivunja himaya ya Celtic na Rangers kwa kutwaa ubingwa wa Scotland mara tatu, 1980, 1984 na 1985. Kitanga cha kupanda kimejaa, na bado hajafika Manchester.

Novemba 6, 1986 alichukua Manchester United ikiwa nafasi ya 21 kati ya timu 22. Miaka mitatu na nusu ikapita bila kombe. Leo makocha wengi kibarua kingekuwa kimeota nyasi zamani. Uongozi ukamwacha afanye kazi. Kombe la FA likaja 1990. Cantona, yule kijana wa Guy Roux, akaja 1992, na 1993 United ikatwaa ubingwa wa ligi ulioikimbia kwa miaka 26. Mei 26, 1999, Barcelona, mabao mawili ya muda wa majeruhi, la Sheringham na la Solskjær, yaliilaza Bayern Munich na kukamilisha makombe matatu makubwa kwa msimu mmoja. Na ile Arsenal ya mechi 49 bila kipigo, nani aliisimamisha? United ya Ferguson.

Sasa kudumu. Alianza Mwinyi akiwa Ikulu, akaendelea kipindi chote cha Mkapa, akastaafu Mei 2013 Kikwete akiwa rais. Mechi 1,500 kamili na klabu moja, ushindi 895. Kwa Ligi Kuu yetu, mechi 1,500 ni misimu 50! Zicheze dakika 90 kila moja bila kupumzika, na utakaa uwanjani siku 93, mchana na usiku, na siku ya 94 utaendelea hadi saa nyingine 18 zitimie. Ubingwa wa Uingereza mara 13. Kutoka ubingwa wake wa kwanza wa ligi kuu, 1980, hadi wa mwisho, 2013, ni miaka 33 ya kushinda.

Makombe yote kwa jumla: moja St Mirren, 10 Aberdeen, 38 United. Jumla 49. Weka kila kombe kwenye kiti chake ndani ya basi la viti 60 linaloondoka Sumbawanga alfajiri kwenda Dar es Salaam, na abiria watakaopata nafasi ni 11 tu.

Clough alipanda kwa kasi zaidi. Roux alikaa muda mrefu zaidi. Ancelotti ana Ulaya nyingi zaidi. Lakini Ferguson pekee alitoa mji mdogo ukaifunga Real Madrid, kisha akakaa juu ya soka la nchi nyingine kwa robo karne. Vitanga vyote viwili vimejaa. Ubishi umekwisha!

Filimbi ya mwisho

Kwetu, nafasi moja kwenye kitabu cha rekodi bado iko wazi: kocha wa kwanza kulipa taifa hili kombe la Afrika la klabu. Kibadeni, Nabi na Fadlu walifika mlangoni. Kupanda tumeshakuthibitisha mara tatu, na Mayanga amekuthibitisha hapa hapa Nelson Mandela kwa dakika 90. Aberdeen, mji wa ukubwa wetu wa 2012, ulimpa kocha wake miaka minane. United ilimvumilia miaka mitatu na nusu ya kabati tupu, ikavuna makombe 38. Klabu ya kwanza ya Tanzania itakayompa kocha muda wa namna hiyo ndiyo ninayoipa nafasi kubwa ya kuleta kombe hilo nyumbani, na siku likifika orodha hii itabidi iandikwe upya.